Herufi za Bi. Shufaa

Mimi nilishika fimbo ya vipimo,
Mturuki akichungulia kwenye kioo chake,
akinipungia: kushoto, kidogo, hapo hapo.
Miezi saba, mita themanini kati yetu,
na upepo wa Bahi ukila maneno yote.
Namjua kwa mikono kuliko kwa sauti.

Tunjai. Midomo imepasuka kwa jua,
chai anakunywa kwa kigilasi kama dawa ya mtoto,
na sukari anaiita shekeri.

Sukari ilikuwa kwa Bi. Shufaa,
duka la mlango wa buluu, ng'ambo ya reli ya Mjerumani.
Baba yake alitoka Hadhramaut kununua ngozi,
ukame ukamkuta na deni, akabaki.
Kigogo anakisema kutuzidi sisi wa shule.

Siku ya kwanza Tunjai alisema, sabun. Akapewa sabuni.
Akasema, hesap. Akapewa hesabu.
Akasema, dakika, akatoka mbio kufuata pochi.
Bi. Shufaa akaniuliza, huyu kafundishwa na nani?
Nikamweleza ni Mturuki.
"Ahaa. Hao waliwahi kumtawala
babu wa mama yangu, kule Madina.
Mkate wao mtamu. Kodi ndiyo ilikuwa chungu."

Jumapili moja, mitambo imelala,
akaweka simu juu ya mzani.
Picha: jiwe la kaburi limeinama kwenye theluji,
kijijini kwao, mbele ya Sivas.
Babu wa babu yake. Herufi za Kiarabu.
Kwao walibadili herufi
kama mtu abadilivyo kufuli,
wajukuu wakabaki uani na funguo mpya.
Injinia mzima, asomaye mlima kwa milimita,
hawezi kusoma aliyelala pale ni nani.

Bi. Shufaa akafuta miwani kwa pindo la mtandio.
Akasoma polepole, kama avukaye mto kwa mawe,
sauti tupu, kwani hakikuwa Kiarabu,
kilikuwa Kituruki kilichovaa kanzu.
Msomaji hakuelewa.
Aliyeelewa alikuwa anatazama mdomo wake.

Merhum.
Hata mimi, mwana wa Anglikana, nikajua: marehemu.
Halil Usta. Fundi Halili.
Kisha neno la Hijazi,
na Tunjai akashika kaunta kwa mikono miwili.
Reli ya Hijazi, Dameski hadi Madina.
Siku zote alidhani ni yeye wa kwanza kwao
kulaza chuma kwenye nchi ya mtu mwingine.

Bi. Shufaa alinyamaza. Alipanga sabuni zilizokwisha pangwa.
Halafu akasema, Madina, nyumbani kwa kina mama,
kuna chumba kilichoezekwa juu ya pande la reli hiyo,
liling'olewa vitani, usiku.
"Kama si mjomba wetu, basi jirani."

Mfasiri nilikuwa mimi,
kwa Kiingereza changu cha kushoto na kulia.
Nilifikiri kuliacha hilo.
Nikalisema lote.

Tunjai akauliza, paa lilidumu?
"Mpaka mama anaolewa halijapinda."
Akatikisa kichwa, taratibu.
"Usta," akasema.

Mstari wa mwisho wa jiwe uliomba Fatiha.
Wakainua mikono, kila mmoja na lafudhi yake.
Mimi nikavua kofia, mteja wa mafuta ya taa
akasubiri mlangoni na chupa yake.

Tangu hapo deni lake aliliandika kwa herufi zile,
akamfundisha kulisoma: mim, sin, alif, fa, ra.
Msafiri, nikamsaidia.
La, akasema Tunjai, misafir. Kwetu huyo ni mgeni,
si anayeondoka, ni aliyefika.
Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Siku ya kuhamia Tabora alikuja peke yake,
akafungua daftari, akajisomea kwa kidole
kilo nne za sukari na sabuni mbili.
Akalipa.
Akadai chenji yake, mia tatu,
na Bi. Shufaa akampa.